Mwajiri Yuko Ng'ambo, Kazi Iko Kirando

Kirando iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, chini ya mteremko unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ufipa. Kama ilivyo katika miji midogo mingi ya Tanzania, hapo zipo nyumba ambazo aliyezijenga haishi ndani yake. Anaweza kuwa Sumbawanga, Mbeya au Dar es Salaam. Anaweza kuwa amevuka maji tu, anafanya biashara Moba upande wa Kongo au Mpulungu upande wa Zambia. Na wapo waliokwenda mbali zaidi, Muscat, London au Marekani. Nyumbani amebaki mama mzee, au watoto wa shule, au wote pamoja, na yuko dada wa kazi anayeteka maji, anapika, anafua, anamwogesha mzee na kufunga mlango usiku. Mshahara wake unatoka kwa mtu ambaye pengine hawajawahi kuonana. Watu wakizungumzia kuajiri na kusimamia wafanyakazi wa ndani kutoka mbali, mazungumzo huwa ya uaminifu: nitampata wapi msichana mwaminifu, nitajuaje kama mama anakula vizuri, nani ataniambia ukweli? Ni maswali ya haki. Ila naona kuna swali linalotangulia yote hayo, nalo haliulizwi: mwajiri wa huyu dada ni nani? Hoja yangu ni kwamba umbali humpoteza mwajiri kwanza, na mengi anayolaumiwa dada wa kazi yanaanzia hapo.

Tuitazame kazi yenyewe. Siku ya dada anayemlea mzee inaanza kabla ya jua, kwa maji na moto. Mzee anaamshwa, anaogeshwa, anapewa uji na dawa zake za presha. Samaki lazima wawahiwe kwa wavuvi, migebuka au dagaa, kabla wachuuzi hawajawabeba. Mchana ni ugali wa muhogo, na mzee asiye na meno samaki wake huchambuliwa miiba mmoja mmoja. Siku ya kliniki anasindikizwa kituo cha afya, na usiku dada analala chumba kimoja naye ili amsikie akiamka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inamkumbuka pia anayeishi palepale anapofanyia kazi: mapumziko yake ya kila siku, ambayo kwa kawaida ni saa 12, yanaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Sasa aandikiane na nani? Kaka mkubwa anapiga simu kutoka Dar es Salaam kuagiza mama apelekwe hospitali Namanyere. Binti aliyeko Muscat anatuma ujumbe wa sauti kwamba mama asipewe chumvi. Shangazi wa nyumba ya pili anamwita aje kumsaidia kuanika dagaa. Mama mwenyewe, ambaye akili zake ni timamu na nyumba ni yake, ana amri zake. Dada ana mabosi wanne, kila mmoja na haki ya kumgombeza. Lakini akiomba ruhusa kwenda kumzika mjomba wake Laela, kila mmoja anamwambia akamuulize mwenzake.

Fedha inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine kufuata, mtu aliye mbali anaweza kuifikia nyumba ya Kirando kwa dakika moja. Aliyeko Uingereza au Oman naye hutuma moja kwa moja kwenye simu. Fedha hutumwa kwa mkupuo mmoja, kwa kaka au kwa shangazi: humo mna dawa za mama, umeme wa LUKU, mbolea ya shamba, karo ya mtoto, na mshahara wa dada. Wakala anakata chake, na mara nyingi mtumaji amesahau kuweka ada ya kutolea. Karo haisubiri, kwa hiyo inatangulia. Bati limetoboka, nalo linaingia kwenye hesabu. Mshahara unakuwa kile kilichobaki. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu mtu aliyedhulumiwa bila mdhulumu hana wa kumwendea. Aliyeko ng'ambo ana ushahidi kwenye simu yake kwamba alituma. Aliyepokea ana ushahidi wa matumizi. Dada ana miezi miwili ya ahadi. Sheria ya 2004 inataka ujira ulipwe siku iliyokubaliwa, mahali pa kazi, kwa fedha taslimu, au kwa akaunti aliyoitaja mfanyakazi mwenyewe akiridhia. Nionavyo, mwajiri wa mbali angefanya jambo hili moja tu, kuutuma mshahara peke yake kwenye namba ya mfanyakazi, siku ileile ya kila mwezi, pamoja na ya kutolea, nusu ya ugomvi wa majumbani ungekosa pa kuanzia. Kumbukumbu ya muamala ingekuwa hati ya malipo kwa pande zote mbili, na dada angejua jina la anayemlipa.

Wengi watanijibu kwamba huyu si mfanyakazi. Ni mtoto wa binamu, ametoka Kate au Mtowisa, tumemchukua tumsaidie, anakula anachokula mama, na siku ya kuolewa tutamfanyia sherehe. Pingamizi hili silipuuzi, maana malezi ya namna hiyo yamesomesha watoto wengi wa Ufipa ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Kumlea mtoto wa ndugu ni jambo jema. Lakini kuna kipimo rahisi cha kutofautisha kulea na kuajiri: anayelelewa anakwenda shule kama watoto wengine wa nyumba ile, na kazi anazofanya wanazifanya nao pia. Anayebaki nyumbani wenzake wakienda shule, akalala wa mwisho na kuamka wa kwanza, undugu haubadilishi alicho. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haikusubiri watu wakubaliane juu ya hilo. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba maisha yake yanategemea huyo anayemfanyia kazi. Dada wa Kirando anazimaliza hizo saa 45 za mwezi ndani ya wiki moja. Ukimwita mtoto wa nyumbani, bado sheria inamwona mwajiriwa, na anayeziongoza saa zake kwa simu, hata akiwa Muscat, inamwona mwajiri.

Kwenye mshahara sheria yenyewe imeacha pengo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani kwa madaraja: shilingi 250,000 kwa mwezi kwa walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa, 200,000 kwa walioajiriwa na maofisa wenye stahili ya mtumishi, 120,000 kwa wengine wasioishi katika kaya ya mwajiri, na 60,000 kwa waliobaki. Viwango hivyo vilikuwa vya wakati huo, maana hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na ni juu ya mwajiri kuuliza kilichopo. Ninachotaka kitazamwe ni mantiki ya lile daraja la mwisho. Mfanyakazi anayeishi ndani alipangiwa nusu ya anayeishi kwake kwa sababu inadhaniwa mwajiri anamlisha na kumlaza. Mjini dhana hiyo ina ukweli, maana wanakula sufuria moja. Kirando kwenye nyumba ya mwenye nyumba aliye mbali, mwajiri hayumo katika kaya. Chakula cha dada kinatoka kwenye fedha ileile inayomlisha mama, na fedha ikichelewa wiki tatu wanalala njaa wote wawili, au dada anakopa dukani kwa jina lake. Punguzo la nusu mshahara limekatwa kwa ajili ya mlo ambao yeye mwenyewe ameudhamini. Kwa maoni yangu, mwajiri asiyeishi katika nyumba anayoilipia hana uhalali wa kutumia kiwango hicho cha chini mpaka awe ametenga posho ya chakula ya kaya mapema, ifike kabla ya mwezi kuanza, ikiwa mbali na mshahara. Asipoweza kulihakikisha hilo, basi amhesabu dada kama anayejitegemea, na amlipe hivyo.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, la kipato. Watasema Kirando si Masaki, na kwamba aliyeko nje haokoti dola barabarani. Ni kweli, tena ni kweli zaidi kuliko wanaolisema wanavyojua, kwa sababu wengi wa wanaowaajiri akina dada nyumbani ni wao wenyewe wafanyakazi wa ndani huko waliko. Mwanamke Mtanzania anakwenda Oman kulea watoto wa nyumba ya watu, na ili aende lazima mtu abaki na watoto wake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Malalamiko yao yalikuwa yaleyale: pasi ya kusafiria kuwekwa kabatini mwa mwajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, kukosa siku ya mapumziko, mshahara kupunguzwa au kutolipwa kabisa. Chini ya utaratibu wa kafala, uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, kuondoka bila idhini ya mwajiri kulikuwa kosa. Anachokidai mwanamke huyu Muscat ni haki kabisa: mkataba anaouelewa, mshahara mkononi mwake mwisho wa mwezi, siku moja ya kupumzika, na jina la mtu wa kuwajibika. Siwezi kuona ni kwa hoja gani madai hayo yanakuwa makubwa mno yakitoka kwa dada anayelala na watoto wa mwanamke huyohuyo Kirando. Akijibu kwamba yeye mwenyewe analipwa kidogo, hiyo ni sababu ya kukubaliana mapema juu ya kazi ndogo zaidi: dada aje kwa saa tatu za asubuhi tu, au alee watoto bila shamba na bila kuuza dagaa wa familia. Uwezo mdogo hununua saa chache. Hauwezi kununua siku nzima na usiku wake kwa bei ya asubuhi.

Uwezo wa kupatana nao hauko sawa hata kidogo. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, pamoja na nchi jirani zinazolizunguka ziwa hilo, kaya zilizotegemea nyavu zilikosa chanzo chao kikuu cha fedha kwa miezi mitatu. Katika hali kama hiyo binti anayetafuta kazi hachagui masharti. Anakubali neno la simu. Ndiyo maana kusema "tulikubaliana naye" hakutoshi. Makubaliano ya mwenye njaa na mwenye fedha yanahitaji kitu cha tatu cha kuyashikilia, na kitu hicho ni karatasi.

Juu ya karatasi nimekwisha kusikia jibu kwamba mkataba ni mambo ya ofisini na dada mwenyewe hajui kusoma vizuri. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina, umri, anwani na jinsi yake, mahali alikoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, saa, ujira na namna unavyohesabiwa. Kikaongeza kwamba asiyeyaelewa maandishi hayo aelezwe kwa namna anayoielewa. Kutojua kusoma kumeshajibiwa ndani ya sheria yenyewe. Na wanaodhani kutoandika kunamlinda mwajiri wanajidanganya, kwa sababu kifungu hichohicho kinasema kwamba likizuka shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, unaanza orodha yake ya mambo ya kumweleza mfanyakazi kwa jina na anwani ya mwajiri. Kwa mwajiri wa ng'ambo huo ndio mstari wa maana kuliko yote. Karatasi ya ukurasa mmoja ya Kiswahili, yenye jina lake kamili na namba yake ya simu ya huko aliko, ikasomwa mbele ya mtendaji wa kijiji na kusainiwa, nakala mbili, haihitaji wakili. Picha yake inatumwa kwa simu, na aliyeko London anasaini yake na kuirudisha siku hiyohiyo.

Karatasi hiyo inalazimisha pia swali ambalo simu hulikwepa, la umri. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha 14 lakini hajatimiza 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Kumgeuza kitandani mzee aliyepooza si kazi nyepesi. Mwajiri aliyeko mbali huambiwa tu na anayemtafutia kwamba "ni msichana mkubwa", na hamwoni. Binti anachukuliwa kijijini, uwandani au bonde la Rukwa, anashushwa hadi ziwani, na aliyemlipia nauli hajawahi kuuliza cheti cha kuzaliwa. Angela Benedicto, ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani kabla ya kuanzisha shirika la WoteSawa jijini Mwanza, ameifanya hali ya watoto wanaotumikishwa majumbani kuwa suala la hadhara. Mwajiri wa mbali hawezi kusema hakujua, wakati kujua kungemgharimu picha moja ya cheti.

Anayedhani jambo hili ni la vijijini na mishahara midogo atazame kilichotokea kwa wale waliowachukua wafanyakazi wa nyumbani wakaenda nao nje. Mwaka 2008 mahakama mjini Washington iliamua kwamba mwanadiplomasia wa Tanzania amlipe mwanamke aliyemchukua kutoka nyumbani zaidi ya dola milioni 1, baada ya miaka ya kazi bila mshahara. Mwanadiplomasia aliondoka Marekani bila kulipa. Mwaka 2011 mahakama ya London ilimtia hatiani mwajiri aliyemleta mwanamke kutoka Tanzania na kumtumikisha nyumbani kwake, ikaamuru alipwe pauni 25,000. Mashauri haya yanafanana na ya Kirando kuliko inavyoonekana. Kazi ilikuwa nchi moja, ahadi ilitolewa nchi nyingine, na mfanyakazi alibaki katikati, hana ndugu wa kumshuhudia wala ofisi anayoijua. Tofauti ni kwamba Washington na London alipatikana mtu wa kumsaidia kuiandika kesi na kumtaja mwajiri kwa jina. Tanzania ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayopokea malalamiko ya wafanyakazi, lakini muda wake ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, na siku 60 kwa madai mengine. Dada wa Kirando atoke ziwani apande hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita mia moja, ndani ya siku hizo, akiwa na jina la nani mkononi? Wito hauwezi kupelekwa kwa "kaka yao aliye nje". Chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, CHODAWU, kipo kuwatetea, lakini nacho kinahitaji jina hilo.

Mwajiri asiyeonekana si jambo geni Ufipa. Wakati wa ukoloni vijana wa huku walipanda malori kwenda mkonge wa Tanga, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Mfumo ule ulikuwa mkali na ujira wake mdogo, sitaki kuupamba. Hata hivyo manamba, kibarua wa mkataba, alikuwa na kipande kinachohesabu siku zake, na mkataba uliotaka arudishwe kwao ukiisha. Ni fedheha kwamba binti anayelea mama zetu leo hana hata hivyo viwili.

Narudi kwenye hofu ya mwenye nyumba, maana nayo ina haki. Wapo wafanyakazi walioiba, waliompiga mzee, waliomwacha mtoto peke yake wakaenda ngomani. Kwa hofu hiyo watu wameanza kufunga kamera ndogo za intaneti sebuleni, wakimtazama dada kutoka ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinapokusanywa, na kumrekodi mwanamke kwa siri mahali anapolala ni kumvunjia heshima hata bila sheria. Lakini kamera ina kasoro kubwa kuliko hiyo. Inaonyesha kilichotokea, haiwezi kumshika mzee anayeteleza bafuni. Anayeweza ni msimamizi wa karibu, na hapo ndipo familia hukosea zaidi, kwa kumwachia msimamizi awe bosi bila kuwa mwajiri. Shangazi anayeshika fedha na kutoa amri lazima awe na mipaka iliyoandikwa: anaangalia mzee anakulaje, anapokea taarifa ya ugonjwa, anaweza kutoa ruhusa ya siku mbili. Hawezi kumfukuza, hawezi kukata mshahara, hawezi kumtuma kuanika dagaa zake. Malalamiko ya dada dhidi ya shangazi yawe na njia ya kumfikia mwenye nyumba bila kupitia kwa shangazi. Wengine wataona hilo ni kuvunja heshima ya wakubwa. Nadhani kinyume chake. Shangazi aliyewekewa mipaka halaumiwi kwa mshahara ambao hakutumiwa, na heshima yake inadumu.

Kuna pia ajali, ambazo watu hawapendi kuziwaza. Maji ya moto, kuni, ngazi, njia ya ziwani yenye utelezi. Afrika Kusini mfanyakazi wa ndani alizama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake mjini Pretoria mwaka 2012, na ilichukua hadi Novemba 2020 kwa Mahakama ya Katiba kuamua kwamba kuwaacha wafanyakazi wa majumbani nje ya sheria ya fidia ni kinyume cha katiba. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mshahara wa 60,000 hiyo ni shilingi 300 kwa mwezi. NSSF ni mzigo zaidi, asilimia 20 kwa jumla, nusu yake ikiweza kukatwa kwa mfanyakazi, na ninakubali kwamba utaratibu wa kumsajili mfanyakazi mmoja wa kijijini una usumbufu. Serikali ingeweza kuurahisisha kwa simu ileile inayotuma mshahara. Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021, wapo wafanyakazi wa majumbani milioni 75.6, na 81 kati ya kila 100 wako nje ya mfumo rasmi. Wingi huo hutajwa mara nyingi kama sababu ya kutofanya lolote, kana kwamba kosa likishaenea linakuwa desturi.

Mambo yote haya huonekana vizuri siku mama anapofariki. Watoto wanarudi kutoka kila upande, michango inakusanywa, jeneza linanunuliwa, na baada ya matanga nyumba inafungwa. Dada aliyemwogesha marehemu kwa miaka sita anapewa kanga na nauli ya basi, akaambiwa Mungu atamlipa. Kama mwajiri wake alikuwa mama, basi ajira imekwisha na mwajiri, na hakuna wa kudaiwa. Lakini mama hakumwajiri, wala hakuwahi kumlipa. Aliyemwajiri yuko hai, amesimama kaburini, ana tiketi ya ndege ya kurudia. Deni lake linahesabika: notisi ya siku 28 au malipo badala yake, likizo ya siku 28 kwa mwaka ambayo dada hakuipata, kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ambacho kwa 60,000 za mwezi na miaka sita ni karibu shilingi 97,000, na kwa kifungu cha 43, kwa kuwa alichukuliwa uwandani akaletwa ziwani, usafiri wake na mizigo yake hadi alikochukuliwa, pamoja na gharama za kujikimu mpaka asafirishwe. Hayo yalipwe kabla tiketi haijatumika, kwenye namba yake mwenyewe, na ya kutolea iwekwe.